Dereva wa Lori Kubwa Ni Nani, na Usalama wa Mpakani Unamtegemeaje?

Ndugu wasomaji mnaoishi Malaba, Busia, Tororo, Bugiri na katika vijiji vyote vilivyo kando ya barabara kuu, hatuna haja ya kuwaeleza lori ni kitu gani. Mnalisikia usiku likibadilisha gia kupanda kilima. Mnaliona alfajiri likiwa limeegeshwa katika foleni ambayo mwisho wake hauonekani. Watoto wenu huvuka mbele yake wakienda shule, nanyi huvuka nyuma yake mkienda sokoni. Jambo ambalo halijaelezwa vya kutosha ni habari za mtu aliyeshika usukani: ni nani, ametoka wapi, analipwaje, na kwa nini mwenendo wake unayagusa maisha yenu hata kama hamjawahi kusalimiana naye.

Malalamiko yanayofikishwa vituoni ni ya pande mbili. Wananchi husema madereva wa malori ni wakorofi, huendesha kwa kasi, huziba njia za watu na kuwapotosha mabinti. Madereva nao husema kwamba wakazi wa mpakani huwaibia mizigo, mafuta na betri, na kwamba hawaonwi kuwa watu ila mifuko ya kuchotwa fedha. Pande zote mbili zina mifano ya kweli. Makala haya hayakusudii kuhukumu upande wowote. Yanakusudia kueleza kazi yenyewe, ili tuone jinsi yale tunayomtendea dereva anaposimama kwetu anavyoondoka nayo barabarani, na kwamba barabara hiyo ndiyo tunayopita sisi na watoto wetu.

Kutoka reli hadi barabara

Uganda haina bahari. Tangu zamani mizigo yake mingi imepitia Mombasa. Reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na njia inayopitia Tororo ikafika Kampala mwaka 1931. Kwa miongo kadhaa mizigo mizito ilisafiri kwa gari moshi. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli nalo liligawanyika, huduma zikadhoofika, na polepole barabara ikachukua nafasi ya reli.

Leo njia hiyo huitwa Ushoroba wa Kaskazini. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni kilomita zipatazo 930, na hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Kutoka Kampala malori mengine huendelea Masaka, Mbarara na Kabale hadi Katuna na kuingia Rwanda. Mengine hupanda kaskazini hadi Elegu na kuvuka kuelekea Juba. Mengine huelekea Kongo kupitia Mpondwe. Dawa iliyo katika zahanati yenu, mbolea ya shambani, chumvi, mabati na ngano hupita mikononi mwa dereva. Kahawa, chai na samaki wetu nao hupita mikononi humo wakielekea nje.

Mafuta ya petroli na dizeli yana safari ya pekee. Kutoka Mombasa husukumwa kwa bomba hadi maghala ya Eldoret na Kisumu. Huko hupakiwa katika malori ya tangi, kisha huvuka Malaba au Busia. Kwa hiyo wakazi wa mipaka hii miwili huishi kando ya mto wa mafuta unaokwenda kwa magurudumu, nasi tutalirudia jambo hilo hapa chini.

Ni watu gani wanaoifanya kazi hii?

Takribani wote ni wanaume. Wanawake wapo, ila ni wachache mno, na sababu yake si udhaifu wa mwili, kwa kuwa usukani wa siku hizi hausukumwi kwa misuli. Sababu ni kukosekana kwa mahali salama pa kulala, pa kuoga na pa kujisaidia njiani. Mahali pasipomfaa mwanamke mfanyakazi, mara nyingi hapamfai mwanaume pia, isipokuwa yeye amezoea kuvumilia.

Wengi wa madereva wanaopita hapa ni Wakenya, na pamoja nao wamo Waganda, Wanyarwanda, Warundi, Watanzania na watu wa asili ya Kisomali. Lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Mtu wa Kigali na mtu wa Mombasa hukutana mbele ya dirisha la forodha Malaba wakaelewana bila mkalimani. Hii ni mojawapo ya sababu za jarida hili kuandikwa kwa Kiswahili: ni lugha inayoeleweka pande zote mbili za mpaka na ndani ya kila kibanda cha lori.

Kwa kawaida mtu haingii katika kazi hii moja kwa moja. Huanza akiwa utingo, au tanboi kama wengi wanavyomwita: hufunga turubai, huangalia matairi, huelekeza lori linaporudi nyuma, hulinda mzigo usiku na kupika chakula kando ya barabara. Baada ya miaka kadhaa hujifunza kuendesha, hupata leseni ya gari dogo, kisha hupanda madaraja. Leseni ya gari dogo haimruhusu mtu kuendesha lori lenye trela. Sheria za nchi zetu hudai daraja lililo juu zaidi. Ndiyo maana wengi mnaowaona wakiendesha malori marefu ni watu wazima wenye wake na watoto, ambao wameacha nyumba zao siku nyingi zilizopita.

Malipo yao hutofautiana kulingana na mwajiri. Walio na mkataba, bima na likizo wapo. Lakini wengi hutegemea mshahara mdogo pamoja na posho ya safari inayotolewa kabla ya kuondoka. Posho hiyo hukadiriwa kwa siku za kawaida za safari. Lori likikwama mpakani siku nne zaidi, posho huisha huku tumbo na simu ya nyumbani vikiendelea kudai. Tulikumbuke jambo hili, kwa sababu mengi ya maovu ya barabarani huanzia hapo.

Kazi hii ina hatari ambazo mkazi wa mpakani hazioni. Mwaka 2021 madereva walisimamisha malori yao Elegu wakakataa kuendelea kuelekea Juba, baada ya wenzao kuuawa kwa risasi barabarani ndani ya Sudan Kusini. Mtu anayekunywa chai kibandani kwako kimyakimya huenda anafikiria barabara aliyotoka, au ile aendayo.

Kazi yenyewe ni nini?

Anayetazama kwa mbali hudhani kwamba kazi ya dereva ni kushika usukani. Kushika usukani ni sehemu moja tu. Dereva hubeba dhamana ya mali ambayo thamani yake ni kubwa kuliko atakachopata kwa miaka mingi ya kazi. Hubeba hati za mzigo, hati za gari, pasipoti au hati nyingine ya kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano na kadi ya bima ya kuvuka mipaka, ambayo nayo huitwa kadi ya njano. Akikosa moja, hulala mpakani.

Mzigo unaopita kuelekea nchi nyingine hufungwa kwa kufuli ya kielektroniki, na mwendo wake hufuatiliwa kwa satelaiti na mamlaka za mapato za nchi husika. Kufuli ikifunguliwa, au lori likiacha njia iliyopangwa, ishara hutokea katika chumba cha ufuatiliaji. Hivyo basi, anayemshawishi dereva aingize lori nyuma ya nyumba “dakika tano tu” anamwingiza katika kosa ambalo tayari limekwisha kuonekana.

Kisha kuna mizani. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori la kawaida lenye ekseli 7 halipaswi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Kanuni hii si usumbufu. Uzito uliozidi huvunja barabara, hupasua matairi na kuzidisha umbali ambao lori huhitaji ili lisimame. Shimo linalovunja gurudumu la bodaboda yako mwezi huu huenda lilichimbwa na lori lililozidisha uzito mwaka jana.

Zamani dereva alisimama mara mbili: upande wa Kenya, kisha upande wa Uganda. Siku hizi Malaba na Busia kuna kituo kimoja cha huduma za mpakani, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja na gari hukaguliwa upande linakoingia tu. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi Februari 2018. Mfumo wa forodha ya pamoja ulioanza mwaka 2014 nao umepunguza sana siku za safari kati ya Mombasa na Kampala. Hata hivyo, mtambo ukikatika au hati zikikosewa, foleni hurudi, na pamoja nayo hurudi uchovu, njaa na hasira.

Uchovu hauonekani mpaka ajali itokee

Sheria ya barabarani ya Kenya, baada ya kurekebishwa mwaka 2012, inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Aliyeitunga alielewa hesabu ambayo kila mzazi anafaa kuijua. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde 4, lori limekwisha kwenda karibu mita 90 pasipo mtu wa kuliongoza. Huo ni umbali unaokaribia urefu wa uwanja wa kandanda, na ndani yake huweza kuwamo kundi zima la watoto wa shule.

Hata dereva aliye macho hawezi kusimamisha lori lililojaa kama mtu anavyosimamisha baiskeli. Kuanzia anapoona hatari hadi magurudumu yatulie, kwa mwendo huo atahitaji mita zipatazo 100 au zaidi, na mvua ikinyesha umbali huongezeka. Anayekatiza mbele ya lori kwa kuamini kwamba dereva “atafunga breki” anadai jambo ambalo uzito wa lori haukubali.

Sasa tujiulize: dereva huchoka wapi? Sehemu moja ya jibu ni barabarani. Sehemu nyingine ni hapa kwetu. Hulala foleni akisikiliza kama kuna mtu anayefungua tangi lake la dizeli. Hushtuka kila anaposikia chuma kikigonga chuma. Muziki wa baa huvuma hadi alfajiri mita chache kutoka kibandani mwake. Asubuhi foleni husogea, naye huondoka akiwa hajalala, akipita Tororo, Bugiri na Iganga, ambako watoto wa mtu mwingine wanavuka barabara. Mwizi wa usiku mmoja hupata jerikeni moja. Barabara nzima hulipia usingizi uliopotea.

Jerikeni ya dizeli na lori lisilo na breki

Kuna biashara ndogo inayofanyika waziwazi katika vituo vingi vya kando ya barabara: ununuzi wa dizeli inayonyonywa kutoka katika matangi ya malori. Muuzaji mara nyingine ni dereva mwenyewe. Mnunuzi huona ni bei nafuu na hajui kwamba amenunua hatari.

Mwajiri hupima dizeli kulingana na umbali wa safari. Dereva akiuza lita 20, ni lazima azirudishe kwa namna fulani. Namna inayojulikana ni kutia gia huru kwenye mteremko na kuliacha lori liteleze kwa uzito wake ili injini inywe kidogo. Lori likiwa katika gia huru, injini haisaidii kulizuia. Kazi yote hubaki kwa breki, breki hupata moto, na zikipata moto mwingi hazishiki tena. Mteremko wa Salgaa hadi Sachangwan, katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, umepoteza watu wengi kwa miaka mingi, na tabia hii imetajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa sababu.

Anayenunua dizeli ya barabarani, basi, anamlipa dereva ateremke kilima bila kizuizi. Mbali na kuwa ni kosa la kununua mali ya wizi, ni kosa ambalo huweza kumrudia mnunuzi na familia yake wakiwa ndani ya basi lililo mbele ya lori hilo.

Tangi likipinduka, kimbia

Tunafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Lori moja la tangi huweza kubeba lita zaidi ya 30,000. Linapopinduka, wapo wanaokimbilia huko na ndoo. Eneo letu la Maziwa Makuu limekwisha kuzika watu wengi kwa sababu hiyo.

Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji wa Sange, Kivu ya Kusini nchini Kongo, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, likaua watu zaidi ya 200, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao na katika vibanda walimokuwa wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Tarehe 10 Agosti 2019, mjini Morogoro, Tanzania, vifo vilipita 100. Mwezi Julai 2021, eneo la Malanga katika barabara ya Kisumu kwenda Busia, watu zaidi ya 10 waliteketea. Mwezi Oktoba 2024, huko Kigogwa, kaskazini mwa Kampala, msiba ulijirudia.

Wengi huamini kwamba hatari ni moto, na kwamba palipo bila moto pana usalama. Siyo hivyo. Petroli inapomwagika hutoa mvuke usioonekana, ulio mzito kuliko hewa, unaotambaa chini na kujikusanya mitaroni na mabondeni, mahali hasa wanapoinama wachotaji. Mvuke huo hauhitaji kiberiti. Cheche ya betri ya lori lililovunjika, chuma kinachogonga jiwe, injini ya bodaboda inayowashwa au jiko la muuza mahindi huweza kuuwasha, na moto hufuata mvuke hadi kwenye chanzo chake. Petroli iliyolowa nguoni humfanya mtu kuwa utambi.

Kwa hiyo kanuni ni moja: tangi likipinduka, usilisogelee, ondoka, elekea upande ambao upepo unatoka, na uwatoe watoto kwanza. Zima majiko na injini zilizo karibu. Piga simu namba 999 au 112. Mnaoweza kusaidia, zuieni magari na watu kwa mbali pande zote mbili. Dereva aliyejeruhiwa akiwa nje ya eneo la mafuta asaidiwe; akiwa ndani, wasubiriwe wazima moto. Askari wanaowafukuza watu mahali pa ajali hawalindi mafuta ya tajiri. Wanalinda uhai wa wanaofukuzwa.

Mafunzo ya miaka ya Korona

Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa abiria, malori yaliruhusiwa kuendelea ili watu wasife njaa. Madereva walipimwa mpakani, foleni zikafika kilomita nyingi, na wengi wa waliokutwa na ugonjwa katika wiki zile za mwanzo walikuwa miongoni mwao. Matokeo yake waliogopwa na kutukanwa. Kuna waliokataliwa kuuziwa chakula na maji. Mtu aliyekuwa akileta dawa na sabuni alifukuzwa kama aliyeleta maradhi kwa makusudi.

Mwezi Januari 2022 lilitokea jambo la kinyume. Kila aliyeingia Uganda alitakiwa kupimwa Korona kwa ada ya dola 30. Madereva walisimamisha malori upande wa Kenya, na katika siku chache petroli ikaadimika nchini na bei yake ikapanda sana. Nauli za bodaboda zilipanda pamoja nayo. Wakati huo kila mtu alifahamu ni nani anayeendesha siku zetu. Tusisubiri mgomo mwingine ili tukumbuke.

Watoto, afya na heshima

Mahali malori yanapolala pana biashara halali nyingi: chakula, maji ya kuoga, nyumba za wageni, ufundi wa matairi. Pana pia mambo ambayo sheria haiyavumilii. Mtu anayefanya ngono na mtoto aliye chini ya miaka 18 nchini Uganda anakabiliwa na adhabu kali, ikiwemo kifungo cha maisha, na ridhaa ya mtoto au ya mzazi si utetezi. Mzazi anayemtuma binti yake kuuza karanga au ndizi kati ya malori saa tatu za usiku anamweka hatarini kwa mapato ya sahani moja. Mwenye nyumba ya wageni anayempokea mtoto na mtu mzima bila kuuliza naye atajibu.

Kuhusu afya, kuna vituo vya North Star Alliance vilivyojengwa kwa makontena ya buluu katika sehemu kadhaa za ushoroba huu, ambavyo hutoa huduma kwa madereva na kwa wakazi pia. Kuvitumia si aibu. Dereva mwenye shinikizo la damu au kisukari kisichotibiwa ni hatari kwake na kwa wengine.

Haki na wajibu

Dereva ana haki ya kulindwa na sheria, awe mwananchi au mgeni. Faini ya kosa la barabarani huandikwa katika hati na kulipwa benki. Haikabidhiwi mkononi mwa askari. Askari anayedai fedha bila hati anavunja sheria, naye anaweza kuripotiwa kwa mkuu wa kituo au kwa Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma cha Polisi. Kila shilingi inayotolewa kwa njia hiyo hutafutwa tena mahali fulani, na mara nyingi hutafutwa kwenye tangi la dizeli au kwenye saa za usingizi.

Dereva pia ana wajibu. Apunguze mwendo anapoingia mjini na karibu na shule. Asiegeshe mahali panapowalazimisha watoto kutembea katikati ya barabara. Lori likiharibika, aweke pembetatu za kuakisi mwanga kwa umbali wa kutosha. Matawi ya miti huonekana mchana, lakini usiku hayaonekani mpaka gari limekwisha kuyafikia. Na matawi hayo yaondolewe baadaye.

Waendesha bodaboda, ambao jina la kazi yao lilizaliwa hapa hapa Busia enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, wakumbuke kwamba dereva aliye juu hamwoni mtu aliye karibu kabisa na bampa ya mbele, wala aliye ubavuni upande wa kushoto. Usipoviona vioo vyake vya pembeni, naye hakuoni. Lori linapokata kona, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele. Usijipenyeze kati yake na ukingo wa barabara. Usishike trela ili likuvute kilimani.

Wenyeviti wa vijiji (LC1), kaeni na wenye baa, mama lishe na walinzi wa maegesho, mkubaliane saa ya kupunguza muziki na namna ya kulinda malori usiku. Mahali penye taa, choo safi na ulinzi huvutia madereva watulivu, nao hutumia fedha zao hapo. Mahali penye wizi hupitwa na wenye heshima, hubaki wahalifu na wateja wao.

Ndugu wasomaji, dereva anayelala kandokando ya nyumba yako usiku wa leo huenda kesho akapita mbele ya shule ya mtoto wako akiwa na tani hamsini nyuma yake. Ukiona anaibiwa, tupigie simu. Ukiona anavunja sheria, tupigie vilevile. Akiomba maji, muuzie maji. Mpakani petu, usingizi wa mgeni ni sehemu ya usalama wa mwenyeji.